Ugumu wa Tatizo Usipimwe kwa Ukubwa Wake

Yapo mazoea ya kudhani kwamba tatizo la hesabu likishaitwa gumu, lililobaki ni kungoja kompyuta yenye nguvu zaidi. Mazoea hayo yafaa yaachwe, hasa shuleni, ambako kalamu na karatasi hupatikana kwa urahisi kuliko mashine.

Chukua mfano wa wanafunzi 40. Kila mmoja ni nukta. Wawili wanaosoma pamoja huunganishwa kwa mstari. Mchoro wa namna hii huitwa grafu. Mwalimu ataka kuwagawa katika vikundi ambamo kila mwanafunzi ameunganishwa na wenzake wote wa kikundi, wala hana mstari wa kwenda nje. Hata hivyo, orodha yake ina makosa. Je, yaweza kunyoshwa kwa kufuta au kuongeza mistari isiyozidi 5?

Jozi za wanafunzi 40 ni 780. Anayejaribu kila njia ya kuchagua jozi 5 kati ya hizo atakabiliwa na njia zaidi ya trilioni 2. Lakini kasoro ya grafu hiyo daima huwa na sura moja: Asha ameunganishwa na Juma, Juma na Neema, ilhali Asha na Neema hawakuunganishwa. Tiba zake ni tatu tu: kufuta mstari wa kwanza, kufuta wa pili, au kuchora wa tatu. Kila tiba hula sahihisho moja. Kwa hiyo njia za kufuatwa hazizidi 3×3×3×3×3, yaani 243.

Idadi ya masahihisho ndiyo parameta. Downey na Fellows waliijenga nadharia ya fikra hii katika miaka ya 1990: ugumu ubanwe ndani ya namba ndogo, ili wingi wa nukta usitishe. Mwaka 2014 ilithibitishwa kwamba hata kuigawa grafu nusu kwa nusu kwa kukata mistari michache kabisa, tatizo lililojulikana kuwa gumu tangu 1976, kwakubali njia hiyo.

Hapana shaka njia hii ina mipaka. Masahihisho yakiwa 20, njia za kufuatwa huweza kuzidi bilioni 3. Ugumu haukufutwa, umeonyeshwa mahali ulipo. Basi kabla ya kuuliza kasi ya mashine, mwanafunzi na afundishwe kuuliza: katika swali hili, ni namba ipi iliyo ndogo?