Marubani Wanafunzi na Hatari ya Kutua

Chuo cha Usafiri wa Anga cha Soroti, mashariki ya Uganda, kilianzishwa mwaka 1971 ili vijana wa Afrika ya Mashariki wajifunze urubani nyumbani. Hapo, kama katika kila chuo cha urubani duniani, somo gumu si kuruka, bali ni kurudi ardhini. Hesabu za ajali za Marekani, nchi yenye ndege ndogo nyingi kupita zote, zaonyesha jambo hilo mwaka hata mwaka. Vifo katika ajali za kutua ni vichache, na kwa hiyo magazeti hayazitaji. Lakini ndege moja ikivunjika propela, wanafunzi wengi hukaa bure wakingoja vipuri kutoka ng'ambo.

Tuitazame Cessna 172, ndege ya mafunzo ijulikanayo sana. Huukaribia uwanja kwa mwendo wa kilomita 120 hivi kwa saa. Soroti iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, hasa mchana wa jua kali, hata saa ya mwendo ikionyesha 120, magurudumu hukutana na ardhi kwa mwendo unaokaribia 130. Tena siku mwanafunzi anaporuka peke yake mara ya kwanza, uzito wa mkufunzi haumo. Ndege huelea juu ya njia, haitaki kushuka.

Hapo ndipo kijana hukosa subira. Huisukuma chini, ndege hugonga na kudunda. Huinamisha pua kwa hofu, na gurudumu la mbele, ambalo halikuundwa kubeba pigo hilo, hutangulia kugusa. Hudunda tena, kwa nguvu zaidi. Askari wanamjua kuruta afumbaye macho na kufyatua risasi kwa ghafula. Kosa ni la ukoo mmoja. Dunda la tatu aghalabu huvunja mguu wa mbele, na propela huchimba ardhi.

Dawa yake yajulikana: kuipa injini nguvu zote, kupaa tena na kuzunguka upya. Mbona basi haitumiwi mapema? Kwa maoni yetu sababu kubwa ni haya. Kijana ajua kwamba wenzake wanamtazama kutoka ukingoni, naye huona kupaa tena ni kushindwa. Isitoshe, kupaa huko kwahitaji mazoezi: injini ikipewa nguvu zote, ndege huvuta kushoto na kuinua pua, na asiyeizuia kwa miguu na mikono huweza kutoka njiani au kuanguka kwa kukosa mwendo.

Wakufunzi huhesabu mara ngapi mwanafunzi ametua. Yafaa wahesabu pia mara ngapi ameacha kutua kwa hiari yake, bila kuamriwa, kabla ya siku ile mkufunzi anaposhuka na kumfungia mlango.