Kupima Kwanza, Kuonya Baadaye

Hiroo Kanamori alizaliwa Tokyo mwaka 1936, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1964, na mwaka 1972 akahamia Taasisi ya Teknolojia ya California (Caltech) iliyoko Pasadena, Marekani, alikofundisha na kutafiti hadi alipostaafu mwaka 2005. Kati ya 1990 na 1998 aliongoza maabara ya seismolojia ya taasisi hiyo. Toleo hili linahusu tahadhari ya mapema ya matetemeko ya ardhi, na linamtanguliza yeye kwa sababu kazi yake inaonyesha wazi jambo ambalo mijadala ya hadhara hulisahau. Tahadhari haikutokana na utabiri. Hakuna mwanasayansi yeyote anayeweza kutaja siku na mahali pa tetemeko lijalo. Tahadhari imetokana na kujifunza kulipima, kwa usahihi na kwa haraka, tetemeko ambalo tayari limeanza.

Tatizo la kwanza lilikuwa usahihi. Charles Richter, naye wa Caltech, alitunga kipimo chake mwaka 1935 kwa kuangalia kimo cha mistari iliyochorwa na seismografu za kusini mwa California. Kwa matetemeko madogo na ya wastani kilifaa sana. Lakini tetemeko kubwa mno hupasua mwamba kwa mamia ya kilomita, kazi inayochukua dakika kadhaa, na sehemu kubwa ya nguvu zake husafiri katika mawimbi ya polepole ambayo vipimo vya zamani havikuyazingatia. Ukubwa uliosomwa ulifika mahali ukagota, ingawa tetemeko lenyewe liliendelea kukua. Tetemeko la Chile la mwaka 1960, lililopasua ufa wa urefu unaokaribia kilomita 1,000, lilionekana kama la nane na kitu, sawa na mengine yaliyokuwa madogo kwa mbali.

Mwaka 1977 Kanamori alianzia kwenye chanzo chenyewe: eneo la ufa lililoteleza, umbali lilioteleza, na ugumu wa mwamba. Vitu hivyo vitatu vikizidishwa hutoa kiasi ambacho Keiichi Aki alikwisha kukiingiza katika seismolojia mwaka 1966, na kutokana nacho ukubwa hauna pa kugota. Chile ikapanda hadi 9.5, ambao mpaka leo ndio ukubwa wa juu kabisa kuwahi kupimwa kwa ala. Kanuni hiyo aliikamilisha mwaka 1979 akiwa na Thomas Hanks. Redio zetu bado hutangaza “kipimo cha Richter”, ilhali tarakimu inayosomwa kwa matetemeko makubwa kwa kawaida ni ya Kanamori na Hanks. Kila hatua moja ya kipimo hicho ni nishati iliyozidi ya hatua iliyotangulia kwa takriban mara 32, kwa hiyo kukosea kwa hatua moja si kosa dogo.

Uzito wa kosa hilo huonekana zaidi baharini. Mwaka 1896 wakazi wa pwani ya Sanriku, Japani, walihisi mtikisiko hafifu ambao wengi hawakuujali. Muda mfupi baadaye tsunami ikaua watu wapatao 22,000. Katika makala ya mwaka 1972 Kanamori alieleza kwamba kuna matetemeko ambayo ufa wake huteleza taratibu: ardhi haitikisiki sana, lakini bahari husukumwa vikali. Anayengoja kutikiswa ndipo akimbie, atachelewa. Miongo miwili baadaye, katika rekodi za tetemeko la Nicaragua la mwaka 1992, alitambua wimbi la polepole linalofika mapema, aliloliita awamu ya W, na mwaka 2008 yeye na Luis Rivera wakaonyesha namna ya kulitumia kupata ukubwa halisi upesi.

Upesi huo ulikosekana tarehe 26 Desemba 2004. Makadirio ya awali ya tetemeko la Sumatra yalikuwa karibu 8, na ilichukua saa nyingi kutambua kwamba lilipita 9. Wimbi lilivuka Bahari ya Hindi likaua karibu watu 300 Somalia, na wengine Tanzania na Kenya, ingawa lilisafiri kwa saa kadhaa kabla ya kufika huku. Sayansi peke yake haistahili kubeba lawama hiyo, kwani bahari hiyo haikuwa na mtandao wa kupashana habari. Mahali ambapo habari zilitangulia maji, kama Mombasa, watu waliondolewa ufukweni. Hata Japani, yenye ala nyingi kuliko nchi nyingi duniani, ilikadiria 7.9 katika dakika za mwanzo za tetemeko la tarehe 11 Machi 2011, ikatangaza mawimbi madogo kuliko yaliyokuja. Ukubwa halisi ulikuwa karibu 9.1.

Tahadhari ya mtikisiko wenyewe ina muda mfupi zaidi. Mawimbi ya kwanza, P, hupita kwenye mwamba kwa kilomita 6 hivi kwa sekunde na huharibu kidogo. Mawimbi ya S, yenye kubomoa, huenda kilomita 3.5 hivi. Ishara ya umeme huyapita yote. Wazo la kuitumia tofauti hiyo ni la kale: mwaka 1868, baada ya tetemeko la Hayward, daktari wa San Francisco aitwaye J. D. Cooper alipendekeza kengele zilizounganishwa na nyaya za simu ya maandishi. Lilisubiri kompyuta. Thomas Heaton alilichora upya mwaka 1985, na kuanzia 1990 maabara ya Kanamori ikawa inatuma vipimo kwa peja za kampuni za reli na umeme. Baadaye Kanamori na Yih-Min Wu wa Taiwani walionyesha kwamba sekunde tatu za mwanzo za wimbi la P hutosha kukadiria kama linalofuata litaleta madhara.

Hesabu ina ukatili wake. Mji ulio kilomita 100 kutoka kwenye chanzo hufikiwa na mawimbi ya S baada ya sekunde 29 hivi. Ala zikitumia sekunde nane au tisa kugundua na kutangaza, zinabaki kama 20, zinazotosha kupunguza mwendo wa treni na kujificha chini ya meza. Ulio kilomita 20 hufikiwa kwa sekunde sita, na haupati kitu. Mji wa Mexico, uliotengenezewa mfumo baada ya maafa ya 1985, hupata zaidi ya dakika moja tetemeko likianzia pwani ya Guerrero. Septemba 2017 tetemeko lilianzia karibu zaidi, na ving'ora vikalia karibu sawia na mtikisiko.

Linabaki swali ambalo seismografu hailijibu: nani aonywe, na kwa mtikisiko wa kiasi gani. Julai 2019 tetemeko la 7.1 lilipotokea Ridgecrest, programu ya simu ya Los Angeles ilinyamaza kama ilivyopangwa, kwa kuwa mtikisiko uliotarajiwa mjini ulikuwa chini ya kiwango kilichowekwa. Wakazi walilalamika kwamba walitikiswa bila kuambiwa, na kiwango kikashushwa.