Magunga: Kusi, Kaskazi na Mfungo

Mtu wa pwani hujua majira kwa upepo. Anayetaka kupanda vilima vya Gwassi, huko Magunga, hana budi kutazama mvua, kisha mwandamo wa mwezi.

Likizo ya Aprili huwavuta wengi, nayo ndiyo mbaya kuliko zote. Masika ya 2024 yaliua watu zaidi ya 200 nchini Kenya. Januari na Februari ni kukavu, lakini Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na mwaka 2030 itaanza mapema Januari. Msafiri ana ruhusa ya kula, naam; kufunga safari ya matembezi mwezi huo ni jambo jingine.

Basi mimi nachagua Agosti, wakati wa kusi, shule zimefungwa. Ziwani ngurumo za jioni hazikosi, kwa hiyo panda baada ya alfajiri, ushuke kabla ya alasiri. Chukua sweta: ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari. Na wanawake wanaopitia bonde la Lambwe, penye mbung'o tangu zamani, waache buibui jeusi wavae la kijivu. Mbung'o hufuata nyeusi na buluu.