Kabla ya Kubadili Bodi, Tafuta Kilichoiunguza

Wanachuo wanaorejea kutoka mazoezi ya kufundisha aghalabu huniletea lalamiko moja: wamesahihisha madaftari, wamerudia somo, na bado watoto wanakosa pale pale. Ningependa kulijibu kwa mfano wa karakana, maana nimemwona fundi akijifunza kwa gharama kubwa jambo ambalo sisi walimu hulisahau kila siku.

Kijana mmoja wa mtaani petu alirudi kutoka ng'ambo na chombo kigeni: gurudumu moja la umeme, lisilo na kiti wala usukani. Mpandaji husimama juu ya vikanyagio viwili. Akiinamia mbele huenda, akiegemea nyuma hupunguza mwendo. Katikati ya gurudumu mna mota, na chini ya kifuniko mna betri pamoja na bodi ya kuongozea. Bodi hiyo ndiyo akili ya chombo. Hupima mwinamo mara nyingi katika kila sekunde, na transista zake hugawa umeme wa betri katika nyaya tatu nene za mota, ili gurudumu liufuate uzito wa mpandaji. Bodi ikifa njiani, hakuna kinachomtegemeza mtu, huanguka kifudifudi.

Siku moja chombo kiligonga jiwe, kikapinduka, na tangu hapo hakikuwaka. Fundi alikifungua, akaona transista zimepasuka, akakata shauri papo hapo: "Bodi imekufa." Mpya ikaagizwa kutoka Uchina, ikasubiriwa kwa majuma kadhaa. Siku ya kuifunga nilikuwapo. Chombo kilipowashwa, ulisikika mlio mmoja tu, kisha ikaja harufu ya kuungua. Bodi mpya ilikuwa imeifuata ya zamani.

Fundi hakukosea kusema kwamba bodi imekufa. Alikosea kutouliza imeuawa na nini. Nyaya za mota hutokea ndani ya ekseli, na katika kuanguka kule zilibanwa zikachubuka, mbili zikagusana. Shoti hiyo ndiyo iliyounguza bodi ya kwanza, nayo ilikuwa inaingoja ya pili.

Lilikuwapo jaribio jepesi la kuligundua hilo. Betri ikiwa imechomolewa, na umeme uliosalia katika kapasita umekwisha kutolewa, fundi huzungusha gurudumu kwa mkono. Likiwa zito na lenye kukwamakwama, pana shoti mahali, kwa sababu mota inayozungushwa huzalisha umeme, na umeme huo ukipata njia ya mkato huipinga mota yenyewe. Kisha huzichomoa nyaya tatu kutoka katika bodi na kuzungusha tena. Gurudumu likiwa jepesi sasa, shoti imo katika bodi; likibaki zito, imo katika nyaya au mota.

Bodi ya tatu ilifungwa kwa adabu. Waya ulibadilishwa kwanza. Betri ilikuwa ya seli 16 zilizofuatana, zenye volti 67.2 zikijaa, hivyo bodi ikahakikishwa kuwa ya volti hizo hizo. Gurudumu likainuliwa lisiguse ardhi, likajaribiwa taratibu kabla ya mtu kulipanda. Likawaka.

Sasa tuingie darasani. Nilipokuwa nikifundisha darasa la tatu, palikuwa na msichana aliyeandika kwamba 42 kutoa 17 ni 35. Nilikata kwa wino mwekundu, nikaandika 25. Kesho yake akaandika kwamba 63 kutoa 28 ni 45. Nikakata tena. Baada ya majuma mawili nilikwisha kumwita mzito, na darasa zima likamwita hivyo. Ndipo siku moja nilipomwuliza amefanyaje. Akanijibu bila wasiwasi: "Saba toa mbili, tano. Nne toa moja, tatu." Hakuwa mzito hata kidogo. Alikuwa na kanuni, akiifuata kwa uaminifu: daima toa ndogo katika kubwa. Mimi nilikuwa nikibadili bodi kila siku, na waya uliochubuka nimeuacha mahali pake. Mafungu ya vijiti kumi kumi, yanayofunguliwa pale vijiti vya mamoja visipotosha, yalimaliza kazi kwa vipindi viwili. Jina la mzito lilichukua muda mrefu zaidi kumtoka.

Najua mtaniuliza: je, katika darasa la watoto 80, nani ana nafasi ya kumhoji kila mmoja? Sidai hivyo. Makosa ya watoto hayatawanyiki ovyo; hurudiarudia. Yapange madaftari kwa aina ya kosa, si kwa alama, na yamkini utapata mafungu matatu au manne tu. Mwite mtoto mmoja kutoka kila fungu, umwombe akueleze njia yake, nawe usikilize bila kumkatiza. Hilo ndilo jaribio letu la kuzungusha gurudumu kwa mkono.

Ndugu mwanachuo, jibu sahihi uliloliandika wewe katika daftari la mtoto ni bodi mpya. Ni kitu chema, lakini litaungua ikiwa hujajua kilichounguza la kwanza. Fundi yule alipoteza fedha. Mwalimu akikosea hivyo, anayelipa ni mtoto.