Simu Ndani ya Helmeti: Hii Tabia ya Wasee wa Nduthi Meru na Embu Itatumaliza ama Itatuokoa?

Cheki msee yeyote wa nduthi pale Makutano, Meru. Simu haiko mfukoni. Imesukumwa ndani ya helmeti, kati ya sikio na sponji, na anaongea mikono yote ikiwa kwa usukani. Ukidhani anapigia mrembo wake stori, mara mingi umekosea. Kuna mwenzake ako mbele anamwambia karao wamesimama wapi, ama lori imeangukia kona gani.

Mimi niliachia chuo mwaka wa pili, na wasee kadhaa tulioanza nao wako kwa nduthi saa hii. Siwezi wacheka. Ukibeba miraa kutoka shamba za Igembe ama muguka kutoka Mbeere, unabeba kitu inanyauka ukiangalia. Mvua ikiharibu barabara ya murram na hujaambiwa, umefika soko kama pickup zishaenda. Kundi la WhatsApp la base ndio redio yao, ndio bima yao pia. Msee akianguka usiku, ujumbe mmoja wa sauti unaamsha base nzima.

Lakini wacha nikupeleke Nithi, kati ya Chogoria na Chuka, kwa hiyo barabara ya Meru kwenda Embu. Unajua vile iko: mteremko mrefu, kona, halafu daraja. Julai 24, 2022, basi lililotoka Meru likienda Mombasa lilitumbukia hapo na zaidi ya watu 30 wakafa. Hiyo ndio place nilikuwa nimebebwa juzi, tukiteremka, simu ya msee ikalia tiii. Akatoa mkono mmoja, akachomoa simu kwa helmeti, akabonyeza asikie. Nduthi ikavuka laini. Maze, niliona baba na mama yangu wakichagua suti.

Ujumbe wenyewe? Kuna mtu alikuwa anauza tairi.

Tulipofika Chuka nikamuuliza mbona hangengoja. Akaniambia siku moja alingoja, na ile ujumbe alikuwa anapuuza ilikuwa ya mwenzao amegongwa. Hapo nikakosa jibu. Simu inalia sauti moja kwa tairi na kwa damu.

Sheria iko. Ukipatwa unaendesha ukitumia simu, faini ni 2,000 bob, na mwenye nduthi bila helmeti ni 1,000. Lakini karao ataona simu iliyofichwa kwa helmeti aje? Tena ile helmeti umeifungua kamba ndio simu iingie haikusaidii ukianguka. Hiyo ndio sehemu inaniudhi zaidi.

Wazungu wa pikipiki kubwa wako na Cardo na Sena, mashine ndogo unafunga kwa helmeti mnaongea msee kwa msee bila hata bando. Fiti sana, lakini bei yake ni ya mtu hajui kulipa mkopo wa nduthi kila siku. Kuna Zello pia, unabonyeza unaongea kama redio ya polisi, ila hiyo inataka intaneti, na ukiingia kwa yale mabonde mtandao unaweza kupotea.

Na tusisahau upande ule mwingine. Ile kasi inaleta wasee kubeba majeruhi ndio hiyo hiyo inaleta umati kuchoma gari ya mtu kabla hata hajaeleza. Machi 2022 Nairobi tuliona vile mwanamke mmoja alizingirwa na wasee wa boda, serikali ikatangaza msako nchi nzima. Wasee wa Embu na Meru wakaumia kwa kosa la barabara hawajawahi pita.

Mimi naona dawa haihitaji doh. Base ikubaliane: dharura unapiga simu, huandiki, hutumi sauti. Kundi lizimwe mlio ukiwa na abiria. Na yule msee wa mwisho kwa laini, anayengoja customer akicheza drafti, yeye ndiye ashike simu asikilize yote. Akisikia damu, anapiga. Akisikia tairi, anangoja mrudi.

Na wewe wa tairi, kama unasoma hii, ulinipea presha. Uliuza?