UKIUMIA KAZINI, USINYAMAZE



Siku chache zilizopita alifika afisini mwetu ndugu mmoja aliyekuwa akipasua mbao kwa msumeno wa mashine. Mkono wake wa kulia umebaki na vidole viwili. Tulipomwuliza aliumia lini, akasema yapata mwaka mmoja na miezi miwili. Tulipomwuliza kwa nini hakuja mapema, akajibu: "Mnyapara aliniambia nikisema nitafutwa. Halafu tajiri akanipa shilingi 5,000 na mfuko wa unga, akasema kosa lilikuwa langu, na mambo yamekwisha." Miezi mitatu baadaye akaachishwa kazi, kwa kuwa hawezi tena kushika ubao.

Kifuniko cha msumeno ule kilikuwa kimeondolewa ili kazi iende mbio. Hakukiondoa yeye. Lakini aliambiwa kosa ni lake, naye akaamini.

Hatuandiki haya ili kumcheka ndugu yetu. Twaandika kwa sababu twajua wako wengi kama yeye, na wengine watasoma karatasi hii wakiwa na kidonda ambacho hawajakitaja kwa mtu.

Kwanza, juu ya neno hilo "kosa lako". Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi tunaiita WIBA, haimtaki mfanya kazi athibitishe kwamba tajiri ndiye aliyekosa. Yauliza kama uliumia katika kazi yake. Tajiri aweza kukataa ikiwa uliiletea ajali kwa ukaidi wa makusudi, na hata hapo, kama umepata kilema kikubwa au umekufa, haki haipotei. Mtu aliyechoka kwa zamu ya usiku mkono ukateleza hakufanya makusudi. Tena, ukiumia ndani ya gari ambalo tajiri ameliweka kuwachukua watu bure kwenda na kurudi kazini, likiendeshwa na yeye au na mtu wake, hesabu ni kwamba umeumia kazini.

Kibarua naye asijitoe. Mkataba wa kazi waweza kuwa wa maneno matupu.

Pili, juu ya fedha. Anayeshindwa kazi kwa siku 3 au zaidi hulipwa wakati anapougua, muda usiozidi miezi 12. Gharama za matibabu zinazofaa ni juu ya tajiri, pamoja na dawa, usafiri wa mgonjwa, hata mguu au mkono wa bandia. Mwenye kilema cha kudumu hupimwa na daktari, na kilema kamili ni mshahara wa miezi 96. Sasa tupige hesabu. Mtu wa mshahara wa shilingi 15,000 kwa mwezi, akiwa na kilema cha 10 kwa mia tu, haki yake ni shilingi 144,000. Ndugu yetu alipewa 5,000 na unga! Mfanya kazi akifa, fidia ni ya wale waliokuwa wakimtegemea, kwa hiyo wajane na watoto wasifukuzwe langoni kwa rambirambi.

Tatu, la kufanya. Ukiumia, mwambie tajiri siku ile ile, au mwenzako akusemee. Andika tarehe, saa, mashine, na majina ya waliokuwapo. Nenda hospitali, utunze kila karatasi. Tajiri ana siku 7 za kumpa habari Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini tangu alipopata habari ya ajali. Asipofanya hivyo, njoo kwetu twende sote kwenye afisi ya Mkurugenzi. Madai yapelekwe kabla ya miezi 12 kwisha. Mkurugenzi akishayapeleka kwa tajiri au kampuni ya bima, yatakiwa yalipwe katika siku 90. Usipoafikiana na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kupinga, na baada ya majibu yake kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Wako wanaosema, "Mimi nitakwenda kortini moja kwa moja." Zamani wengi walifanya hivyo. Lakini mwezi wa Disemba mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilikata shauri kwamba sheria hii ni halali, na mlango wa kwanza ni Mkurugenzi. Kwa hiyo jihadhari na mtu anayekufuata hospitalini na kalamu akitaka sahihi yako. Usitie sahihi karatasi yoyote, ya kwake au ya tajiri, kabla mjumbe wa chama hajakusomea.

Kwa matajiri twasema hivi: sheria imewaamuru mkate bima kwa ajili ya wafanya kazi wenu. Anayeficha ajali ili asionekane hana bima anamwibia aliyekwisha kuumia. Na Serikali yafaa ipeleke wakaguzi viwandani kabla ya damu kumwagika, si baada yake.

Lakini na sisi wenyewe tuna lawama. Siku ndugu yetu alipokatwa, watu sita walikuwa karibu na msumeno ule. Wote waliona kifuniko hakipo. Hata mmoja hakuja afisini, kwa maana kila mmoja aliogopa kibarua chake. Twaelewa hofu hiyo, nasi tuna watoto. Hata hivyo mtu mmoja ni rahisi kufutwa, bali sita wakisema neno moja pamoja na chama chao, tajiri atafikiri mara mbili.

Madai ya ndugu huyu tumeyachukua, ingawa miezi 12 imepita na njia ni nyembamba. Hatukumwahidi kitu. Wale sita tumewaomba waje waandikishe waliyoyaona, na wawili wamekwisha kuja. Twawangoja wanne.

Umoja ni nguvu.