Msimu Mzima wa Harusi, Dakika Chache za Ndoa



Leo tunakuja na maneno makali kidogo, mtuvumilie. Tunataka kuisema How I Met Your Mother, ile sizoni ya Kimarekani ya marafiki watano wa New York ambayo mabinti zetu wanawajua watu wake kuliko wanavyowajua shangazi zao. Tunaandika kutoka Kikatiti, kwenye barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha, ambako tumeolewa tukitokea Unguja na Pemba. Huku nako imefika. Inarushwa simu kwa simu, inawekwa kwenye flashi, na binti anaiangalia chini ya blanketi mpaka inakaribia Alfajiri.

Kwa asiyeijua: ilianza kuonyeshwa Marekani Septemba 2005 na ikamalizika tarehe 31 Machi 2014. Misimu 9, vipindi 208. Baba mmoja, Ted Mosby, mwaka 2030 anawakalisha watoto wake wawili na kuwasimulia alivyokutana na mama yao. Katika hadithi hiyo anapita kwa mwanamke huyu na yule, anaachwa na mmoja siku ya harusi yenyewe, anarudi baa kwa rafiki zake, anaanza upya.

Wengi wanaoilaumu wanasema pombe na zinaa. Ni kweli, zimo tele, na haramu haiwi halali kwa sababu imechekesha. Lakini binti aliyelelewa akiona glasi ile anajua ni haramu. Sisi tunaogopa zaidi somo asilojua kuwa anafundishwa. Sizoni hii inamwambia kwamba kazi kubwa ni kumpata mtu, kisha ije harusi, na hapo hadithi imekwisha.

Hebu piga hesabu nasi. Karibu msimu wa 9 wote unakwenda kwenye harusi moja, ya Barney na Robin. Vipindi 22 vya siku mbili tatu tu kabla ya kuoana: hoteli, wageni, nguo, wasiwasi, machozi. Wanaoana. Kisha unakuja mwisho, sehemu mbili zinazoruka mwaka hadi mwaka, na tunaambiwa wawili hao wameachana baada ya miaka 3. Sababu? Robin ni mwandishi wa habari, safari za kazi hazimalizi, na safari zimewachosha. Jambo la kukaa chini na kulizungumza kabla! Harusi imepewa vipindi 22, ndoa haikupata hata kimoja kamili.

Na huyo mama wa watoto, ambaye sizoni imechukua jina lake? Uso wake tunauona mwishoni mwa msimu wa 8. Mwisho wa hadithi tunaambiwa aliugua na kufariki mwaka 2024, na watoto wanamruhusu baba yao amrudie Robin. Maneno yale ya watoto yalirekodiwa tangu miaka ya mwanzo, kabla hawajakua, yakafichwa. Yaani tangu mapema mke alishapangwa kuwa daraja la kupitia. Watazamaji wa huko kwao walikasirika, mpaka ikatolewa DVD yenye mwisho mwingine. Mwanamke anayezaa na kulea kufanywa daraja: hilo ndilo linaloitwa hadithi ya mapenzi?

Tusimsahau Barney. Huyu ana kitabu kizima cha hila za kuwadanganya wanawake, na kila hila inapokelewa kwa kicheko. Vijana wetu wa kiume nao wanaangalia. Kijana akimcheka mwanamke aliyedanganywa leo, kesho mnategemea amwonee huruma nani?

Sasa tunajua jibu mtakalotupa, kwa sababu mabinti wa hapa wametupa pia. Wanasema: “Nyie mlikuwa mnaozwa mtu hamumjui. Bora wale, wanajuana kwanza.”

Hoja hiyo ina nguvu, hatutaipita juu juu. Lakini tazama ushahidi wake wenyewe. Barney na Robin walijuana miaka mingi kabla ya harusi. Walikaa meza moja ya baa, walishawahi kuwa wapenzi, walijua kila siri ya ujana ya mwenzake. Ndoa haikufika mbali. Kukaa na mtu muda mrefu ni jambo moja, na kumuuliza yanayojenga nyumba ni jambo jingine.

Dini yetu ilishatuonyesha njia ya kuuliza. Fatima bint Qays (R.A.) alipomaliza eda, aliposwa na Muawiya na Abu Jahm. Akamwendea Mtume (S.A.W.) kutaka ushauri. Hakuambiwa anyamaze kwa kuwa mwanamke hachagui. Aliambiwa waziwazi kwamba mmoja hana mali na mwingine fimbo haimtoki begani, kisha akashauriwa Usama bin Zayd. Mwanzo hakumtaka. Akaolewa naye, na mwenyewe akasimulia kheri aliyoiona katika ndoa ile. Fedha na mkono wa kupiga, mambo mawili yanayovunja nyumba nyingi, yalisemwa kabla ya akdi, bila miaka 9 ya kuhangaika baa.

Hapa, dada zetu, kidole kinaturudia sisi. Tunaicheka sizoni ya kizungu, na sisi tunatengeneza yetu kila Ijumaa. Kisiwani biharusi anawekwa ndani, anapakwa singo, hina na piko vinakaa siku kadhaa, somo anamfundisha udi na asumini, na fungate inapangwa kwa hesabu. Huku bara kuna kamati ya harusi, kadi za michango, vikao vya bajeti, sendofu, sare, MC na mpiga picha. Hatusemi ni vibaya. Furaha ya ndoa imeruhusiwa, na walima ni sunna. Tunauliza tu: nani amewahi kuona kamati ya ndoa? Nani amekaa vikao vitano kujadili watu hawa wawili wataishi vipi?

Basi la kutoka Dar likishapita njia panda ya KIA, linafika Kikatiti kabla ya Maji ya Chai na Usa River. Biharusi wa kisiwani akishuka hapa ameshavuka bahari kwa boti na kukaa barabarani siku nzima. Mama yake hayupo jirani, somo wake hayupo, na baridi ya Julai inayoshuka kutoka Meru haijui kama alipakwa singo ya gharama gani. Bei ya ukumbi anaijua kwa kichwa. Ukimuuliza kama mume ana deni, kama nyumba ni ya kupanga, kama kuna mtoto mahali au mke wa kwanza, anakutazama tu. Hakuuliza. Na nyumbani aliambiwa kuuliza ni utovu wa adabu.

Hapo ndipo tunapowasema wazazi pia. Mnamfungia binti maswali, kisha mnashangaa akiyapeleka kwenye simu. Akiuliza mapenzi ni nini, mnamwambia nyamaza. Ted Mosby anamjibu kwa vipindi 208. Kuzima runinga pekee hakutasaidia, maana flashi inaingia kwenye mkoba. Na wale wanaooza bila ridhaa wamkumbuke Khansa bint Khidam (R.A.), aliyeozwa na baba yake naye hataki. Alipolifikisha kwa Mtume (S.A.W.), ndoa ile ilivunjwa. Haya siyo ya kutoka New York. Ni yetu, tumeyaacha kabatini.

Tuwe waadilifu: ndani ya sizoni ile kuna ndoa moja inayofanana na ndoa. Marshall na Lily wanaoana mwisho wa msimu wa 2, na sizoni haiwaachi hapo. Msimu unaofuata, wakati wa kununua nyumba, mume anagundua kuwa mke ana deni kubwa la manunuzi alilolificha. Wanagombana, wanabanana, wanaishi nalo. Ajabu ni kwamba mabinti hawatamani ndoa ya Marshall na Lily. Wanatamani mvua, mwavuli wa manjano na Ted aliyeshika maua.

Basi biharusi, kabla hujachagua rangi ya sare, pata majibu ya haya, wewe mwenyewe au kupitia walii wako:

1. Ana deni? La nani, na linalipwaje? Na wewe lako umemwambia?
2. Mtaishi wapi, na nani wengine wamo ndani ya nyumba hiyo?
3. Kazi yako, masomo yako na safari zake zitakuwaje baada ya nikah?
4. Ana mke, mtoto au posa nyingine mahali?
5. Akikasirika anafanya nini? Hili usimuulize yeye. Waulize waliowahi kuishi naye.

Kama anaishi mbali, atumwe mtu. Msikiti anaoswali upo, kazini kwake papo, mwenye nyumba yupo, majirani wapo. Anayeulizwa kuhusu posa aseme kweli kwa kiasi cha haja, wala huko si kusengenya. Kama unataka kuweka sharti katika akdi, mwendee kadhi au sheikh mapema, maana wanazuoni wametofautiana katika baadhi ya masharti, na siku ya harusi siyo siku ya kuanza kuuliza. Kisha swali istikhara, ukiwa umeshatafuta habari. Istikhara haikuja kuchukua nafasi ya kuuliza.

Na mzungumze mkiwa na mahram. Kama jambo ni zito kiasi kwamba haliwezi kutajwa mbele ya kaka yako au mjomba, basi ni zito zaidi kuligundua peke yako, usiku, ndani ya chumba cha kupanga mbali na kwenu.

Anayetaka kucheka na sizoni hatutamkimbiza kwa fagio. Tunamwomba ahesabu tu, kila kipindi, ni dakika ngapi za kutafuta na ngapi za kuishi pamoja. Kisha ahesabu daftari la harusi yake vivyo hivyo.

Allah awajaalie waume wema wenye mapenzi na huruma, azitie baraka nyumba zenu, na awape ujasiri wa kuuliza mapema. Amin.

Wabillahi tawfiq.